Mshika Kamba Haitikii Salamu

Goti langu la kushoto ndilo lililostaafu kwanza, mimi nikalifuata. Daktari alilibonyeza huku na huku, akanitazama kwa huruma, akasema, "Bwana Omolo, kuanzia leo miti utaitazama ukiwa chini." Basi nimeitazama kwa miezi kadhaa, nimechoka, nikaona afadhali nikae mezani niwaandikie nyinyi mliobaki na kamba. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo katika gengi letu vilikuwa viwili tu, aliye juu ya mti na aliye chini, na mshahara mnaujua.

Niliingia kazi hii miaka ile ya karibu na Uhuru, ziwa lilipopanda likakataa kurudi. Wazazi wenu watawaambia. Maji yalikula ufuo, yakaingia mashambani na uani kwa watu, na miti mikubwa ya kando ikasimama majini hadi mizizi ikaoza. Maji yalipotulia, Kisumu ilijikuta na miti mikavu iliyoinamia mapaa, nyaya za simu na vichwa vya wapita njia. Wakatafutwa watu wasioogopa kupanda. Mimi nilikuwa nabeba magunia bandarini, na kuogopa sikuogopa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona kinachoogopwa.

Siku ya kwanza nilipelekwa kwa nyapara wetu, Mzee Njoroge. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kama koleo, ametoka huko Nyeri ambako alijifunza kupanda miti na wapasua mbao. Dholuo hakujua zaidi ya "yawa," neno letu la kushangaa, lakini hilo alilitumia vizuri sana. Kwa hiyo gengi zima tulisema Kiswahili, kila mtu na cha kwao.

"Umewahi kupanda mti?" akaniuliza.

"Sana, Mzee. Mikuyu yote ya kijijini kwetu naijua."

"Umewahi kuanguka?"

"Hata siku moja!"

"Basi hujapanda," akasema, akanitupia kamba chafu nikaioshe.

Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa hiyo. Kamba zetu zilikuwa za manila, nyuzi zake kama za mkonge, nene kama kidole gumba, zinanuka lami na jasho. Nilizisuuza kwa maji baridi kutoa mchanga, maana punje ya mchanga ikiingia ndani ya kamba hukata nyuzi polepole bila mtu kuona. Kisha nilizianika kivulini. Jua la Kisumu hukausha kamba mpaka ikavunjika, na unyevu wa ziwa huiozesha, kwa hiyo ilibidi kuilea kama mgonjwa. Kila asubuhi Njoroge aliipitisha yote mikononi, shibiri kwa shibiri, akiifungua nyuzi kidogo na kuchungulia ndani. Palipokuwa na unga mweupe, alikata bila kuuliza bei. Panya nao walikuwa na hamu ya kamba zetu kuliko ya mahindi, sijui kwa nini, na vita vyangu na panya wa stoo ile sikuvishinda mpaka leo.

Vifaa vingine havikuwa vingi. Mkanda mpana wa ngozi, msumeno wa upinde, panga fupi lenye kamba ya kufunga kiunoni, shoka, na miiba ya chuma ya kufunga miguuni. Miiba hiyo Njoroge alituruhusu kuivaa kwenye mti wa kuangushwa tu. Mti utakaobaki hai tulipanda pekupeku au kwa ngazi, kwa sababu kila tundu la mwiba ni mlango wa wadudu. Leo naona watu wanatoboa jakaranda za watu kwa miiba, wanashuka wanacheka. Mimi sicheki.

Sasa nije kwenye kamba yenyewe, maana ndiyo iliyotaka kuniharibia maisha. Kamba ilifungwa kwenye mkanda wa aliye juu, ikapita kwenye panda imara juu ya kichwa chake, ikarudi chini kwa mwenzake, ambaye aliizungusha mara moja kwenye shina na kuishika. Yule wa juu akipanda, wa chini anavuta. Akishuka, anaachia taratibu. Akianguka, anaizuia. Huyo wa chini tulimwita mshika kamba, na sheria za Njoroge juu yake zilikuwa kali kuliko za kanisa. Havuti sigara, hali, haketi, macho hayatoki kwenye miguu ya aliye juu. Na haitikii salamu.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotushinda sisi watu wa ziwa. Kwetu salamu si neno moja unalorusha ukipita. Unasimama, unatoa mkono, unauliza nyumba, watoto, ng'ombe na mvua, na mwenzako naye anakuuliza hayo hayo. "Nyinyi mkisalimiana," Njoroge alikuwa akisema, "mtu anaweza kupanda mahindi na kuyavuna." Kwa hiyo tuliweka utaratibu. Mmoja wa wale wanaoburuta matawi alikaa karibu, na mtu akimsalimia mshika kamba, yeye ndiye aliyeitika: "Msamehe, ameshika mtu." Wenyeji wa mjini walituzoea, wengine wakawa wanasalimia wakijibu wenyewe: "Najua, umeshika mtu." Ilikuwa raha.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Atieno, msichana wa upande wa Sondu. Nilimpenda, nalisema wazi, hata nikiwa nasuuza kamba nilikuwa naimba. Mazungumzo ya pande mbili yalikuwa yakienda vizuri kupitia kwa Mama Ochola, aliyekuwa jagam wetu, yaani yule mtu wa kati anayepeleka maneno ya posa. Mama yake Atieno nilikuwa nimemwona na kumsikia kwa mbali tu. Mnajua heshima ya mama mkwe kwetu. Huli mbele yake, humkaribii ovyo, na akikupa salamu unaipokea kwa mikono yote miwili.

Siku hiyo tulikuwa kwenye mkuyu mkubwa kando ya barabara ya Kondele. Tawi moja lililokuwa juu ya njia lilikuwa limeoza ndani, na Njoroge alitembea hadi mbali kwenye tawi la jirani ili alikate vipande vipande. Mimi nilishika kamba. Tawi alilosimamia lilikuwa linalalamika. Mwenzangu wa kuitika salamu alikuwa ameitwa upande wa pili kusaidia kugeuza lori.

Nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa, ikinipa salamu ya asubuhi. "Oyawore, Omolo!"

Niliijua. Pembeni ya jicho niliona rangi ya leso na vikapu vichwani, wanawake watatu wanatoka sokoni. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikaufunga. Juu, Njoroge alikuwa amesimamisha msumeno, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga.

"Omolo, oyawore," akasema tena, polepole, kama mtu anayedhani hakusikika.

Jasho lilinitoka mpaka likaingia machoni, na kulipangusa sikuweza.

Mara ya tatu akaniita kwa jina langu na la baba yangu. Mmoja wa wenzake akacheka kidogo, kile kicheko cha aibu. Kisha nikasikia miguu yao inaondoka.

Na mjue kwamba hakuna lililotokea. Tawi lilikatika vizuri, likashuka kwa adabu, halikuvunja hata kijiti. Njoroge akateremka salama. Laiti angeteleza hata kidogo, laiti ningechubuka kiganja, ningekuwa na kitu cha kuonyesha. Nilitupa kamba nikakimbia mpaka kituo cha basi, wakawa wameshaondoka.

"Nani yule?" Njoroge aliniuliza niliporudi nikihema.

"Mama yake Atieno."

Akaketi juu ya gogo. "Yawa," akasema.

Kabla ya wiki kwisha, Mama Ochola alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Obunga, hata kiti hakukitaka. "Omolo, umefanya nini? Yule mama amerudi nyumbani hasemi na mtu. Alipofungua mdomo akasema binti yake hataolewa na mtu anayemwona mama mkwe kama upepo unaopita. Mzee wake amesema maneno ya posa yasimame."

"Mama, nilikuwa nimeshika kamba!"

"Kamba! Niende Sondu niwaambie watu wazima kamba?" Akashusha sauti. "Na Atieno amekutumia neno. Kama una la kusema, ulilete mwenyewe upesi. Kuna watu wengine wameanza kupita kwa baba yake."

Sikulala. Mama Ochola, ambaye moyo wake ulikuwa mwema kuliko ushauri wake, alinishauri niseme nina tatizo la masikio. Nilikubali haraka sana. Asubuhi nikamweleza Njoroge mpango huo, akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Ukisema hukusikia, basi hukuwa kazini. Mshika kamba anasikia kila kitu, mpaka chungu akitembea kwenye gome. Utaanza ndoa yako na masikio ya uongo? Utayabeba mpaka lini? Jumamosi tunakwenda wote."

"Mzee, kule wewe ni mgeni. Mambo ya wakwe zetu huyajui."

"Sawa. Lakini mti naujua."

Tulipanda basi la Sondu pamoja na Mama Ochola, Njoroge amevaa koti lake zito la kwao, katika joto lile, jamani, kwa ajili ya heshima. Tulikuta wazee wamekaa uani. Mama yake Atieno alikuwa ndani ya nyumba yake, mlango umefunguliwa nusu, kwa kuwa hatungeweza kukaa naye uso kwa uso. Atieno sikumwona, ila nilisikia sufuria jikoni zinawekwa chini kwa nguvu isiyo ya lazima.

Baba yake hakuzunguka. "Kazi gani inamkataza mtu kumsalimia mama?"

Nilianza kueleza, maneno yakanipotea. Njoroge akainuka, akavua kofia, akaeleza kamba inavyopita na sheria zetu, na Mama Ochola akayageuza kwa Dholuo ingawa wote walikuwa wameelewa. Wazee walisikiliza kwa heshima na hawakulegea. Mjomba mmoja, mtu wa akili, akasema, "Mgeni, umesema vizuri. Lakini angejibu hata neno moja. Neno halihitaji mkono. Kamba ingebaki pale pale."

Nikajua tumekwisha, kwa sababu alikuwa na haki. Hata mimi swali hilo lilikuwa limenisumbua usiku.

Njoroge akafikiri. "Ni kweli, neno halihitaji mkono," akasema. "Lakini huyu mmemlea nyinyi. Hawezi kumjibu mama kwa neno moja huku amempa mgongo. Neno lingetoka, kichwa kingegeuka, angeinama, angetoa mikono yote miwili. Angekuwa mtoto wa adabu kabisa, na mimi ningekuwa chini." Kisha akageukia ule mlango uliofunguliwa nusu. "Mama, nilikuwa kwenye tawi linalolalamika chini ya miguu yangu. Nilikusikia ukimsalimia. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya mti. Nilimwomba Mungu kijana huyu asikuitikie."

Kuku walikuwa wanaparua pale, na mimi nilikuwa natazama miguu yao kama kwamba ndiyo itakayoamua.

Sauti ikatoka ndani. "Mara ya tatu nilimwita kwa jina la baba yake."

"Nilisikia, Mama," akajibu Njoroge.

"Na hiyo?"

"Hiyo nilifumba macho, nikakumbatia mti."

Kikatoka kitu kama kicheko kilichozuiwa na leso. "Wapeni wageni chakula," akasema mama.

Nyinyi mnaojua nyumba zetu mnajua maana yake. Jikoni sufuria zikaanza kugonga kwa namna nyingine kabisa. Nililia pale pale mbele ya wazee, sikujali, na Njoroge akanipa kitambaa chake kilichonuka mafuta ya msumeno. Tukaoana baada ya mavuno, na mpaka leo, nikimshukuru Mungu kwa ajili ya Atieno, jina la Njoroge huwa halikosekani katika sala hiyo.

Baada ya hapo ndipo aliponiruhusu kupanda. Alinifundisha kukata tawi kwa chini kwanza, kidogo tu, kisha kwa juu mbele zaidi, halafu kisiki chake mwishoni, ili tawi likianguka lisichane ngozi ya mti mpaka shinani. Alinifundisha fundo linaloteleza ukilisukuma na kuuma ukining'inia. Siafu hakunifundisha, hao nilijifunza mwenyewe nikiwa juu ya mwarobaini na suruali yenye nafasi nyingi, na watu waliokuwa chini siku hiyo wanalisimulia tukio hilo vizuri kuliko mimi.

Miaka ikaenda. Ikaja misumeno ya mota, tunayoiita pawa, na kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kunywa chai moja. Sikatai, pawa imenipumzisha mabega. Lakini ilituletea kelele, na mshika kamba ambaye zamani alisikia kila kitu akabaki na macho tu, kwa hiyo sheria ya salamu ikawa na maana zaidi. Njoroge akazeeka, akarudi kwao milimani. Siku ya kuondoka alisalimiana nasi mmoja mmoja, kwa mtindo wetu, nyumba, watoto, ng'ombe na mvua, hakuruka hata kimoja. Basi likamngoja, dereva akapiga honi wee, na yeye akamwambia atulie. Nami nikawa nyapara.

Mwaka uliopita ndipo goti lilipokwisha. Ilikuwa jakaranda, mvua imenyesha usiku kucha, tawi nililolikanyaga lilionekana zima nalo halikuwa. Lilichanika chini yangu bila onyo. Nilianguka, nikaona mapaa ya Kondele yakinijia, kisha mkanda ukanikaba kiunoni na kamba ikanirusha kwenye shina, goti mbele. Aliyeshika kamba alikuwa Barasa, mtu mzima aliyekuwa ametoka nasi mbali. Viganja vyake viliungua mpaka nyama, hakuachia. Alinishusha taratibu, shibiri kwa shibiri, akinitazama miguu. Sina maneno ya kumshukuru, na yeye hataki kuyasikia.

Nikiwa hospitalini, mama mkwe wangu alikuja kutoka Sondu. Ni mzee sasa. Alisimama mlangoni, amenigeukia nusu tu, kama desturi inavyotaka, akaniuliza hali, na nyumba, na mvua. Kisha akauliza, "Nani alikuwa ameshika kamba?"

"Barasa, Mama. Mtu wa Kakamega."

"Yule mrefu, wa kofia ya sufu. Namjua."

Nikashangaa. "Unamjuaje?"

"Nimemsalimia mara nyingi," akasema, akitazama ukuta. "Tangu ulipomwoa binti yangu, nikija mjini nikakukuta juu, nasubiri ukae vizuri kwenye tawi, halafu namsalimia aliye chini. Nilitaka kujua umeshikwa na mtu wa namna gani. Wengi hawakuitika. Mmoja aliitika, akaniuliza mpaka habari za ng'ombe. Jioni ile nilimwambia Atieno."

Nikakumbuka jioni hiyo. Atieno alikaa mlangoni akaapa kwamba sitatoka asubuhi mpaka niahidi kubadilisha mshika kamba, na sababu hakuitoa. Nilidhani ameota ndoto mbaya. Nilimbadilisha yule bwana ili nipate amani nyumbani. Jamani, miaka yote hiyo, na mimi nilidhani ni Njoroge tu aliyenichunga.

"Na Barasa?" nikauliza.

"Barasa nimemsalimia kwa Kiswahili. Nimemsalimia kwa Dholuo. Mwisho nikajifunza lugha ya kwao, nikamsalimia kwa hiyo." Akajifunga leso yake vizuri, tayari kuondoka. "Hajawahi kuniitikia. Mpelekee salamu zangu, mwanangu. Mwambie sasa anaweza kuitika."